Kifaransa cha Kihara

Jioni ya Alhamisi, wiki ya pili ya muhula, Njambi alikuwa ameketi chumbani kwao Kangemi akitoa minji kwenye maganda huku akirudiarudia kitenzi cha Kifaransa cha "kuwa". Mhadhiri wake katika chuo kikuu kule tauni, Daktari Kavutha, ambaye wanafunzi wote walimwita Madame, alikuwa amewaambia kwamba mtu hajifunzi lugha kwa kutazama ubao. Kila mmoja atafute mtu wa kuzungumza naye nyumbani. Wenzake wengi waliweka programu kwenye simu. Njambi hakuwa na bando, kwa hiyo alizungumza na minji.

Saa kumi na mbili na nusu mlango ulibishwa mara mbili, akaingia Kihara, babake, aliyekuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Alikuwa amevaa koti lake la ulinzi. Alifuta viatu kwenye gunia, akasalimu kwa Kifaransa, "Bonsoir," akakaa kwenye kigoda kilicho karibu na mlango.

"Ni nani?" mama yake, Hannah, aliuliza kutoka upande wa pili wa pazia, palipokuwa na jiko.

"Ni baba."

"Mwambie chai haijachemka."

Njambi hakujua kulisema hilo kwa Kifaransa. Alijua kusema jina lake, umri wake, na kwamba yeye ni Mkenya. Akamwambia babake mambo hayo matatu. Kihara alimsikiliza kwa makini kana kwamba ni habari mpya, kisha akamsahihisha namna alivyotamka kumi na tisa.

Tangu hapo alikuja kila Alhamisi, akaondoka giza lilipokolea. Hannah alimsalimia kwa Kikuyu, Kihara akatabasamu asijibu. Akamjaribu kwa Kiswahili, ikawa vilevile.

"Hizo lugha zilimwishia," Hannah akamweleza Njambi. "Ule mwaka wa mwisho alizimaliza zote kwa maofisa."

Ilikuwa kweli. Kihara alikuwa amelinda nyumba ya familia moja ya Kifaransa, akina Vasseur, kule Kitisuru kwa miaka kumi na mmoja, akiwa ameajiriwa na kampuni ya ulinzi. Siku moja kamera ilipotea, naye akafukuzwa. Kwenye faili yake pakaandikwa wizi. Mwaka mzima alizunguka kampuni, kwa chifu na kwa chama cha wafanyakazi, akieleza kwa lugha alizokuwa nazo kwamba hakuiba. Hakuna kampuni nyingine iliyomchukua. Alienda kufanya vibarua vya mjengo, akanyeshewa Julai yote, akafa kwa kichomi.

Kifaransa hakikuwa kimemwishia. Lakini hakumpita mwanawe hata hatua moja. Alitumia tu yale ambayo Njambi alikuwa ameshafundishwa, na mwaka wa kwanza ulikuwa wa wakati uliopo. Kwa hiyo Kihara alisema kwamba geti ni jeusi, mbwa anaitwa Bijou, kuna baridi. Njambi alipomuuliza kwa Kiswahili ni nini kilitokea siku ile ya kamera, alifungua mdomo, akaufunga, akasema kuna baridi.

Chuoni, Madame alimsimamisha baada ya mtihani wa kuzungumza.

"Hiyo lafudhi si ya vitabu," alisema. "Ni ya mashariki ya Ufaransa, karibu na mpaka. Nani anakufundisha?"

"Ni baba."

"Alisomea wapi?"

"Getini, Madame."

"Vizuri. Mwambie aendelee."

Janice, rafiki yake waliyekaa dawati moja, alikuwa amesikia. "Manze, babako si alidedi?"

"Ee. Huja Alhamisi."

"Bahati yako. Wangu ako hai na hata hajui nafanya kozi gani."

Mwaka wa pili walifundishwa wakati uliopita. Alhamisi iliyofuata Kihara alifika mapema kuliko kawaida, akavua kofia, akaanza kueleza. Hannah akatoka nyuma ya pazia na mwiko mkononi.

"Anasema nini?"

Njambi akawa mkalimani wa wazazi wake. Alisema kwamba Antoine, mtoto wa nyumba ile, alifundishwa kusoma na mama yake pale barazani, hatua chache kutoka kibanda cha mlinzi. Kihara alijifunza pamoja naye, herufi kwa herufi, akiwa amewapa mgongo na uso wake ukitazama barabara. Mtoto alipohitimu kitabu cha kwanza, mlinzi pia alihitimu. Baadaye alisoma magazeti yaliyotupwa. Miaka ilipita na hakumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Kisha Kihara alifika kwenye siku yenyewe ya kamera, Ijumaa. Alisema kwamba kamera ilipotea asubuhi, kwamba bwana aliita kampuni, kwamba jioni gari lilirudi, dirisha likiwa wazi, mume na mke wakiwa ndani wanazungumza. Alishika geti. Aliwasikia. Hapo simulizi ikasimama.

"Walisema nini?" Hannah akauliza.

Kihara alitazama daftari la Njambi lililokuwa mezani. Kueleza maneno ya watu wengine kulihitaji usemi wa taarifa, na usemi wa taarifa ulikuwa wa mwaka wa tatu.

"Huyo Madame wenu hawezi kuharakisha kidogo?" Hannah akasema.

Njambi aliuliza. Madame alifikiri, akasema angependa sana, lakini wengine darasani bado walikuwa wanahangaika na wakati uliopita. Wakangoja miezi minane. Kihara aliendelea kuja. Alieleza habari za mvua zilizokuwa zimenyesha na mbwa aliyekuwa amekufa.

Mwezi wa pili wa mwaka wa tatu, usemi wa taarifa ulifundishwa Jumanne na Jumatano. Alhamisi, Hannah alifunga kibanda chake cha mboga saa tisa. Alioga, akavaa gauni la kanisani, akakaa.

Kihara alisema kwamba mama mwenye nyumba alisema kwamba kamera ilikuwa imepatikana Lavington, kwa rafiki wa Antoine, ambaye Antoine alikuwa amemwazima bila kuomba ruhusa. Bwana akajibu kwamba alikuwa ameshaita kampuni na watu wake walikuwa njiani. Mama akauliza kama haingekuwa afadhali kupiga simu tena. Bwana akasema kwamba ingekuwa aibu, na kwamba mlinzi hupata kazi nyingine upesi. Walipofika kwenye neno "upesi," gari lilikuwa limeshaingia, naye akafunga geti.

Msimamizi wa kampuni alipokuja, Kihara alimwambia kwamba wenye nyumba wanajua si yeye. Msimamizi akauliza amejuaje. Akasema amewasikia. Akaulizwa walikuwa wanaongea lugha gani. Akasema Kifaransa. Msimamizi alicheka mpaka akashika gari, akawaita wenzake waje wamsikie soja anayejua Kifaransa. Chini ya neno wizi akaongeza neno uongo.

Njambi alipomaliza kutafsiri, mama yake alikuwa anatazama mikono yake.

"Na mimi aliniambia," Hannah akasema. "Jioni ile ile, kabla hata hajavua koti. Nikamwambia anyamaze. Nikamwambia asituongezee aibu, mtu wa Kangemi na Kifaransa, watu watatucheka mpaka sokoni." Alinyoosha gauni magotini. "Hakuongea tena hiyo maneno. Mpaka akaenda. Mwambie namuamini."

"Anasema anakuamini," Njambi akamwambia babake.

Kihara aliitikia kwa kichwa, lakini hakuonekana kama mtu aliyepokea kitu.

Muhula wa pili, Madame aliwapa kazi ya kuwahoji wazungumzaji wa Kifaransa wanaoishi Nairobi. Kwenye orodha kulikuwa na Madame Vasseur wa Kitisuru. Njambi alilichukua jina hilo kabla Janice hajamaliza kusoma orodha.

Geti bado lilikuwa jeusi. Mlinzi, mwanamume wa makamo aliyejitambulisha kwa jina la Muindi, aliandika nambari ya kitambulisho cha Njambi kwenye kitabu na kumsindikiza hadi barazani. Alisimama pale karibu, mikono nyuma. Madame Vasseur alikuwa amezeeka. Mumewe alikuwa amekufa, Antoine alikuwa mhandisi ng'ambo na baba wa watoto wawili. Alimimina chai mwenyewe. Walizungumza Kifaransa tangu mwanzo hadi mwisho.

"Lakini wewe unasema kama watu wa kwetu," mama huyo alisema baada ya maswali matatu. "Sijasikia lafudhi hii tangu dada yangu afe. Umeipata wapi?"

"Hapa, Madame. Baba alikuwa mlinzi wenu. Kihara."

Madame Vasseur aliweka kikombe chini. "Kihara," alisema. "Alikuwa akifunika maua yangu kwa magunia msimu wa mvua ya mawe. Sikumwomba." Kisha akasema, "Alielewa?"

"Kila neno."

"Basi alitusikia garini."

"Ndiyo."

Mama huyo hakukana. Macho yake yalijaa machozi, akayafuta kwa kitambaa cha meza kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Alisema kwamba alitaka kupiga simu siku ile, na kwamba kwa miaka mingi amekuwa akiisikia simu ambayo hakuipiga. Njambi aliona kuwa anasema kweli.

"Unaweza kuandika barua sasa," Njambi akasema. "Moja tu. Kwa kampuni."

"Niseme nini, mwanangu? Kwamba marehemu mume wangu alidanganya? Kwamba Antoine, mwenye watoto..." Alitikisa kichwa. "Ingemsaidia nani? Baba yako hayupo tena."

"Huja Alhamisi."

"Msalimie," alisema Madame Vasseur, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. Akamwuliza Njambi kama angeweza kuja Jumatano moja moja wapige soga, kwa kuwa Kifaransa chake kilikuwa kizuri mno na nyumba ilikuwa kubwa. Njambi alikataa kwa adabu, akitumia hali ya masharti, kama walivyofundishwa.

Muindi alimfungulia geti. Njambi alipopita, mlinzi alimtia moyo kwa Kifaransa, polepole, bila kumtazama, "Du courage, mademoiselle."

Njambi alisimama. "Umekaa hapa miaka mingapi?"

"Saba," Muindi akajibu kwa Kiswahili, macho barabarani. "Nimesikia yote. Pole kwa mzee. Lakini tafadhali dadangu, usiseme mahali umenisikia."

"Sitasema."

Aliandikia kampuni barua yeye mwenyewe. Aliweka ushuhuda wa babake neno kwa neno, na tafsiri mbili. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, limepigwa muhuri vizuri. Kampuni ilitoa pole kwa familia. Ilieleza kwamba, kwa mujibu wa taratibu, ushuhuda wa marehemu uliotolewa katika lugha ambayo kampuni haiitumii hauwezi kuwekwa kwenye faili, na kwamba faili ilikuwa imefungwa. Njambi alimtafsiria babake. Kihara alikosoa tafsiri yake ya neno "taratibu", kisha akaomba, kwa ishara, kikombe cha pili.

Mwaka wa nne Madame aliandika ubaoni namna ya mwisho ya vitenzi, ile ya kutaka na kuomba, ya mambo ambayo mtu anatamani mwingine ayafanye. Alisema wengi huiogopa bure. Alhamisi hiyo, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuwatembelea, Kihara alikuwa na jambo la kutaka.

"Je veux qu'elle me le dise," alisema, akimtazama Hannah.

"Anataka nini?"

"Anataka umwambie mwenyewe. Kwamba unamuamini."

"Si nilisema, ukamwambia?"

"Anataka wewe."

"Basi nifundishe hayo maneno," Hannah alisema. Kisha kabla Njambi hajafungua mdomo, akainua mkono. "Hapana. Sitaki kuimba kama kasuku. Mara hii nataka kujua ninachomwambia."

Jumamosi alimwachia jirani kibanda cha mboga, akapanda matatu hadi tauni, akaandikishwa katika darasa la wanaoanza, ambalo Madame alilifundisha asubuhi za Jumamosi. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Aliketi mbele, na daftari lake lilinuka kitunguu. Wanafunzi wengine walimwita Mathe na kumwazima kalamu. Alisumbuliwa sana na jinsia za vitu, akitaka kuelezwa kwa nini meza ni ya kike na ni nani aliyeikagua. Lakini hakukosa hata siku moja.

Njambi alihitimu mwezi wa kumi na mbili, akapata kazi ya kutafsiri miongozo ya mashine za maji Westlands. Hannah alikuwa bado kwenye kitabu cha kwanza. Alhamisi moja alimwambia bintiye aende dukani alete sukari, na asiharakishe.

Njambi aliishia nje ya mlango, akasimama pale na sarafu mkononi. Alimsikia mama yake akivuta kigoda, akikaa, akikohoa kidogo kama mtu anayeitwa kusoma kanisani.

"Kihara," Hannah alisema. "Je te crois."

Kihara alimsahihisha ile "r". Hannah akarudia. Akamsahihisha tena, kwa subira, kama mtoto alivyosahihishwa kule barazani. Hannah akarudia mara ya tatu, vibaya zaidi, kwa sababu sasa alikuwa analia, na mara hiyo Kihara hakusahihisha kitu.