Kempa Iliyochomoka Mteremkoni

Ajwang aliiona ile bolti kabla hawajaondoka, na hakusema kitu.

Ilikuwa Jumapili asubuhi kando ya bwawa la Ndakaini, na ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji. Kempa yao, basi dogo kuukuu ambalo yeye na mumewe Calvince walilitoa viti wakalitia vitanda viwili, jiko la gesi na sinki, ilikuwa imekataa kuwaka tangu jana yake. Pampu ya dizeli ilikuwa imekufa. Calvince alikuwa ametoka Ruiru alfajiri na brekdauni, lile lori lao la kuvuta magari, na sasa alikuwa amechuchumaa katikati ya magari mawili akiunganisha chuma cha kuvutia. Upande wa lori alitia pini nene nyeusi. Upande wa kempa, pini ya pili haikuonekana. Alipekua kisanduku cha spana, akapekua chini ya kiti, halafu akatoa bolti moja inayong'aa, nyembamba kuliko kidole gumba chake, akaipitisha tunduni na kukaza nati.

Miaka mitano ya kuosha vyuma kwa dizeli kwenye yadi yao ilikuwa imemfundisha Ajwang kutofautisha chuma kigumu na chuma laini. Hii ilikuwa laini. Lakini walikuwa wamegombana wiki nzima, na Calvince hakupenda kurekebishwa mbele ya mteja. Tena hadi Thika si mbali, alijiambia, na barabara ni ya lami. Akafumba mdomo.

Mteja alikuwa amesimama hapo hapo, amejifunga shuka mabegani. Jina lake Lynn, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi Kahawa Wendani. Alikuwa ameikodi kempa kwa siku mbili kwa ajili ya baba yake, Mzee Githae, mwenye miaka themanini na mmoja. Mzee alizaliwa kwenye bonde ambalo sasa limo ndani ya bwawa, na alikuwa amesema mara nyingi kwamba angependa kulala tena karibu na kwao kabla hajafa. Ajwang alikuja nao kama dereva na mpishi. Usiku wa kwanza mzee alikaa mlangoni pa kempa akiyaangalia maji mpaka chai ikapoa mkononi.

Sasa shida ilikuwa kumrudisha. Goti lake la kulia lilikuwa halikunjiki, na kibanda cha lori kilikuwa na ngazi tatu za chuma. Walijaribu mara mbili kumpandisha, mara ya pili akaguna kwa maumivu, Lynn akasema basi. Teksi waliyoipigia ilikataa kuja kwa sababu ya matope ya kijia cha kushukia bwawani. Hatimaye Lynn akauliza kama baba hangeweza kulala tu kitandani mwake huko nyuma, maana kempa itaenda ikivutwa polepole. Calvince alimwangalia mkewe. Wote wawili walijua kwamba gari linalovutwa halibebi mtu zaidi ya yule anayeshika usukani. Calvince akasema sawa.

Kwa hiyo mzee alilazwa kitandani na mto chini ya goti. Kitanda cha pili kilikuwa kimejaa hema na viti vya kukunja, kwa hiyo Lynn akapanda lori pamoja na Calvince. Ajwang akaketi kwenye usukani wa kempa. Mumewe alimpa maagizo kupitia dirishani: gia iwe fri, isishike meno, ufunguo uwe umewashwa ili usukani usijifunge, na breki akanyage kwa nguvu, kwa sababu injini ikiwa imezima breki huwa nzito.

"Mama Benta, unifuate tu," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Ni mimi nitafanya kazi."

Wakaondoka. Mashamba ya majani chai yalipita pande zote mbili, ya kijani na yenye maji. Pale mbele ya miguu yake, chini ya bampa, Ajwang aliisikia bolti ikigonga tundu lake kila lori lilipopunguza mwendo. Ko. Ko. Alijaribu kutoisikiliza. Mara mbili aliweka kiganja juu ya honi ili amsimamishe mumewe, na mara mbili akakiondoa, akijiuliza atasema nini. Kwamba anaogopa sauti? Nyuma yake mzee alikuwa ameanza kukoroma taratibu.

Walipita soko moja, wakapita kanisa ambalo watu walikuwa wakiingia wamevaa suti. Kisha barabara ya Gatanga ikaanza kuteremka.

Ulikuwa mteremko mrefu unaoishia kwenye daraja jembamba. Ng'ambo ya daraja palikuwa na stendi ya bodaboda na akina mama waliokuwa wameanika ndizi kwenye magunia kando kabisa ya lami. Ajwang aliyaona yote hayo kwa mbali, madogo na safi, kwa sababu jua lilikuwa ndiyo kwanza limetoka. Bodaboda moja ikaingia barabarani ghafla mbele ya lori. Calvince akafunga breki. Kempa ikaja kwa uzito wake wote ikakisukuma kile chuma cha kuvutia, kisha lori likaondoka tena na kukivuta, na hapo ndipo Ajwang aliposikia mlio mfupi mkavu, kama ukuni unaovunjwa gotini.

Chuma cha kuvutia kilianguka barabarani kikaburutwa nyuma ya lori kikitoa cheche. Kati ya lori na kempa palikuwa na nafasi ya hatua mbili. Halafu tano.

Alikanyaga breki. Ilikuwa kama kukanyaga ukuta. Alisimama juu ya pedali kwa miguu yote miwili, makalio yakiwa yameacha kiti, na kempa haikujali. Ilizidi tu kukimbia. Akavuta hendibreki mpaka mwisho. Harufu ya kitu kinachoungua ikaingia ndani, mwendo ukapungua kidogo, kisha ukarudi. Mbele yake Calvince alikuwa ameona, maana lori lilihamia kando likakimbia mbele likipiga honi bila kuachia, likiwatimua watu darajani. Ajwang naye akaegemeza mkono kwenye honi.

"Mzee, shika kitanda!" alipiga kelele. "Shika!"

Kukoroma kulikuwa kumekoma. Hakujibiwa.

Sasa aliweza kuwaona akina mama wa ndizi mmoja mmoja. Mmoja, mwenye kitambaa cha manjano, alikuwa ameinama akiokota magunia yake badala ya kukimbia. Ajwang alimwona wazi kabisa na akajua kwamba atamgonga. Mawazo yake yalikwama hapo, kwenye kile kitambaa cha manjano, kama gari kwenye matope.

Kilichomtoa hapo ni kumbukumbu ya mikono yake. Mwezi wa tatu, kwenye yadi, alikuwa amemshikia Calvince taa wakibadilisha kapampu kadogo kalikofungwa nyuma ya alteneta, ile jenereta ya gari. Calvince alimwambia kwamba kapampu hako ndiko kanakozipa breki nguvu, na kwamba kanazungushwa na injini. Injini hii ilikosa dizeli tu. Haikuwa imeganda. Kama magurudumu yangeizungusha yenyewe, kapampu kangezunguka pia.

Alikanyaga klachi. Gia ya pili ingefunga magurudumu na kuipindua kempa; akatia ya tatu, kwa nguvu, meno yakalia, na akaachia klachi.

Kempa ilitikisika yote kama ng'ombe aliyepigwa. Kifua chake kiligonga usukani. Huko nyuma vyombo, viti na kitu kingine kizito vilianguka kwa kishindo kimoja. Injini ikaguna bila kuwaka, ikazunguka, ikazunguka, na chini ya mguu wake pedali ikalainika. Akakanyaga. Breki zikashika. Alipindisha usukani kushoto, ubavu wa kempa ukakwaruza ukingo wa udongo, kioo cha pembeni kikaruka, tairi zikaingia mtaroni, na kila kitu kikasimama. Kulikuwa na hatua kama thelathini hadi darajani.

Kwa muda hakuweza kuachia usukani.

"Mzee?" aliita.

Kimya. Aliogopa kugeuka kuliko alivyoogopa mteremko wenyewe. Kule kulikuwa na kishindo, na alijua kishindo kile kilikuwa cha nini. Aliita tena, akasikia maji yakidondoka kwenye sinki, na si kingine. Ndipo alipojilazimisha kuinuka.

Mzee Githae alikuwa sakafuni kati ya kitanda na sinki, viti vya kukunja vikiwa juu yake. Macho yalikuwa wazi. Midomo ilikuwa ikisogea lakini hakuna sauti iliyotoka, na Ajwang akapiga magoti akaanza kuvitupa vile viti kando, akimwomba Mungu kwa Kijaluo, maneno yasiyo na mpangilio. Baadaye sana, au pengine ilikuwa sekunde chache tu, kifua cha mzee kikapanda na akavuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo.

"Lynn ako wapi?" mzee akauliza.

"Ako salama, Mzee. Anakuja."

Kupitia kioo cha mbele Ajwang alimwona Lynn akija mbio, viatu mkononi. Nyuma yake alikuja mumewe, naye pia akikimbia. Lakini Calvince alisimama katikati ya barabara. Aliinama, akaokota kipande kidogo kinachong'aa kilichodondoka kutoka kwenye chuma kilichoburutwa, akakitia mfukoni. Kisha akaendelea kukimbia.

Hospitalini Thika walikaa kwenye benchi moja, watatu. Picha zilionyesha kwamba mtulinga wa mzee umevunjika na mbavu mbili zina ufa. Daktari alisema kwa umri wake ana bahati, ila watamlaza wamwangalie. Lynn alisikiliza hadi mwisho, akashukuru, halafu akawageukia. Aliuliza kwa sauti ya chini nini hasa kilitokea. Calvince alimweleza kwamba chuma huzeeka kwa ndani, kwamba fundi yeyote hawezi kujua siku kitakapokatika, kwamba pini ile ilikuwa imefanya kazi miaka mingi.

Alisema vizuri, kwa upole, na Ajwang alimwona Lynn akianza kuamini. Hofu ilimrudia, safari hii bila mteremko. Akisema, huenda wakashtakiwa. Yadi itafungwa, kempa itauzwa kama vyuma chakavu. Na huyu mwanamume aliyeketi kando yake, ambaye mkono wake ulikuwa juu ya mfuko wa suruali, hatamsamehe. Asiposema, mzee ataenda nyumbani na bega lake, na mambo yataisha.

"Haikuwa pini," alisema. "Ilikuwa bolti. Pini ilipotea, tukaweka bolti laini. Mimi niliiona kabla hatujatoka, na nikanyamaza."

Calvince hakumwangalia. Lynn aligeuka akamkabili Ajwang.

"Uliiona," alisema, "na ukamwacha baba yangu alale huko nyuma?"

"Ndiyo."

Lynn akainuka akaingia wodini. Hakuwashtaki. Wala hakupokea simu zao, na Ajwang alipopeleka uji na matunda siku tatu mfululizo, muuguzi ndiye aliyevipokea mlangoni. Siku ya tisa mzee aliruhusiwa kwenda nyumbani, na habari hiyo waliipata kwa muuguzi huyo huyo.

Calvince naye alinyamaza siku nne. Alikula, akalala, akaenda yadi. Siku ya tano Ajwang alimkuta chini ya brekdauni akipima matundu ya chuma cha kuvutia kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, kalamu sikioni. Alisema, bila kutoka huko chini, kwamba amempata fundi wa leidhi, mashine ya kuchongea chuma, hapo Thika atakayechonga pini nne za chuma kigumu, na kwamba atazifunga kwa mnyororo zisipotee tena.

"Niliokota ile kitu kabla sijaangalia kama uko hai," alisema. "Hiyo ndiyo inaninyima usingizi."

Ajwang alikaa chini kwenye tairi kuukuu, akabaki hapo mpaka mumewe alipomaliza kupima.

Pini zilipokuwa tayari, kempa ilibidi ivutwe kutoka yadi ya Ruiru, ilikokuwa imeletwa juu ya lori la kukodi, hadi kwa fundi wa bodi wa kunyoosha ubavu wake huko Landless, Thika. Ajwang alisema hataketi kwenye usukani ule. Calvince hakubishana, aliingia yeye kwenye kempa, Ajwang akapanda zile ngazi tatu za lori. Aliendesha kwenye barabara ya pembeni, polepole mno, magari yakimpigia honi na kumpita. Kila mahali palipoteremka, hata kidogo tu, mgongo ulimtoka jasho. Na muda wote huo, kwenye kioo, aliendelea kuutazama uso wa mumewe aliyeushika usukani wa kempa kwa mikono miwili, macho ameyakodoa mbele bila kupepesa.