Kiti cha Sita Kwenye Kesi ya Kichwa Changu

Jana mchana, baada ya ibada na ugali kwa maharage, nilijilaza kupumzisha kichwa, na hata blanketi halijapata joto nikaota kwamba kichwa changu kimefungua kesi.

Kesi inasikilizwa zahanati. Sikushangaa. Kichwa kilikuwa kinaniuma wiki ya tatu, tangu baridi ya Makete ianze, na pamoja na maumivu zilikuja nuru za ajabu: mistari ya kupindapinda ikimetameta pembeni mwa jicho, na herufi za Biblia zikielea kama mafuta juu ya mchuzi. Mke wangu alinisihi niende hospitali, nikakataa. Kaka yangu Lutengano alianza hivi hivi, akapigwa picha ya kichwa, na tulimzika kabla mahindi hayajakomaa. Niseme ukweli: niliogopa. Kwenye ndoto niliona afadhali, maana hapa nashtaki, sipimwi.

Nesi ana sare nyeupe na miguu ya meza. Anasema, "Baba Lusekelo, kabla ya yote, maumivu yako ni ngapi, kutoka moja mpaka kumi?"

"Saba."

"Panda."

Ananisogezea ngazi ya vidato kumi. Napanda mpaka cha saba na kuambiwa nikae hapo hapo, kwa kuwa mgonjwa hushuka maumivu yakishuka.

"Na yakizidi?"

"Utapanda. Na usidanganye, ngazi inajua."

"Najua," ngazi inasema.

Chini yangu kuna viti sita. Washukiwa wamekalia vitano, cha sita ni kitupu. Natangaza kwamba siondoki mpaka anayeniumiza ajulikane, hata kama itanibidi nilale kwenye ngazi.

Anasimama Presha, mnene, anahema. "Mimi huishi na mtu miaka bila kupiga hodi," anasema, "lakini huyu alipimwa mwezi wa tatu, akawa sawa. Sijaingia kwake. Hata hivyo apimwe tena, mimi sina adabu."

Inafuata Miwani. "Alininunua mnadani bila kupimwa macho. Alinijaribu kwa kusoma bei kwenye ndoo, akaridhika. Naweza kumchosha macho, sikatai. Lakini ananivaa Jumapili tu, na kichwa kinauma wiki nzima."

Kipandauso ni mama mrefu, nusu ya uso wake iko mchana na nusu iko giza. Namuuliza kama zile nuru ni zake. Anafunga kamba kutoka dirisha hadi dirisha, anaanika nuru zake juu yake kama nguo, kisha ananiomba nianike zangu tulinganishe. Zinafanana, lakini si za familia moja.

"Zangu huja na kuondoka," anasema. "Na mara nyingi nachagua upande mmoja. Wewe unaumwa kichwa kizima, bila mpangilio. Mimi sifanyi kazi ovyo hivyo."

Vidonge vya maumivu vinajibu kwa pamoja, kama kwaya. "Ametumeza kila siku kwa wiki tatu! Akiendelea, tutaanza kumuuma sisi wenyewe!" Nesi ananinyooshea kidole. Natazama pembeni.

Wa tano ni mtu mdogo mwenye suti ya kijivu na kofia mapajani. Anaitwa Uvimbe. Nikimwona tu, ngazi inaniamuru nipande cha nane.

"Ulikuwa kwa Lutengano," nasema.

"Nilikuwepo. Pole sana."

"Na kwangu?"

"Siapi bila picha," anasema kwa upole. "Lakini baba, wiki tatu umekazana kunikimbia mimi, hukupata nafasi ya kuuliza kuhusu mwingine yeyote."

Maneno hayo yananichoma kuliko maumivu. Nakaza mikono kwenye ngazi.

Nesi anafungua daftari. "Kichwa kinakuuma ukiwa shambani?"

"Hapana," najibu, na mwenyewe nashangaa.

"Kanisani?"

"Hapana. Leo nimeimba beti zote."

"Sokoni?"

"Hata. Sokoni nabishana vizuri tu."

"Kinakuuma ukiwa mahali gani, basi?"

"Nyumbani. Chumbani kwetu."

Kabla sijafunga mdomo, zahanati ni chumba chetu. Ngazi imesimama kando ya kitanda. Viti vimezunguka boksi la vifaranga themanini wa mke wangu, ambao tuliwahamishia chumbani wasife kwa baridi, na kando yao jiko la mkaa la kuwapasha joto. Dirisha nimeliziba kwa magunia, na chini ya mlango nimesokomeza matambara. Nilifanya kazi hiyo kwa mikono yangu, na nilijisifu kwa majirani kwamba kwangu baridi haina pa kupita.

"Mzee," kifaranga mmoja anasema, "mbona humhoji wa kiti cha sita?"

"Kiti kitupu kile."

"Hakiko kitupu. Hana rangi wala harufu. Sisi tunamjua, tunalala naye."

Natazama. Kweli, Presha aliyekaa jirani na kiti hicho ameanza kusinzia. Miwani imelala. Nesi amekunja miguu yake minne.

"Shikamoo," kiti kinasema.

"Marahaba. Wewe nani?"

"Hewa ya mkaa, mzee. Nikiwa nje sina neno, upepo unanichukua. Wewe ulinifungia ndani, nikaona nimekaribishwa."

"Kumbe ni wewe unayekula kichwa changu!"

"Ndiyo. Vichwa viwili."

"Kimoja. Mke wangu haumwi."

"Viwili," inasema, bila ubishi, kama karani. "Na leo mmeongeza mkaa, mmelala wote. Nadhani tutamaliza kazi."

Nataka kushuka. Miguu ni mizito. Naiambia ngazi initeremshe, mke wangu yuko pale chini amelala. Inakataa: maumivu yamefika kumi, na mgonjwa hushuka maumivu yakishuka.

"Basi napanda," nasema.

"Hakuna cha kumi na moja."

"Kitakuwepo."

Naweka mguu hewani, na kidato kinatokea, kwa kinyongo. Naweka mwingine. Juu kuna dari laini, lenye nywele pembeni, na ninapoligusa nagundua kuwa ni kope langu mwenyewe. Nasukuma kwa bega. Nasukuma kwa kichwa kile kile kinachouma. Lutengano nilimwachia Mungu, mke wangu simwachii.

Niliamka nimeanguka sakafuni. Jambo la kwanza nililosikia ni kimya. Vifaranga themanini hawajawahi kunyamaza hata dakika moja tangu waje, na sasa hakuna aliyelia.

Nilitambaa. Nilivuta magunia, nikafungua mlango kwa teke, nikamkamata mke wangu makwapani na kumburuta mpaka uani. Baridi ilitupiga, nami nikaimeza kama mtu aliyetoka majini. Nilimwita Mama Lusekelo, hakujibu. Nilimwita Atupele, jina ambalo sijalitumia tangu mtoto azaliwe, nikampiga makofi mgongoni, nikamwita tena kwa sauti iliyotoa majirani ndani.

Akatapika. Kisha akafungua macho.

"Mbona umenitoa nje bila viatu?"

Akajishika paji la uso, akatazama mawingu, akafumba jicho moja, akafumba la pili.

"Zinapungua," akasema.

"Nini zinapungua?"

"Nuru. Za kupindapinda. Wiki ya tatu leo, mimi na kichwa hiki. Sikutaka kukwambia, baba. Ulikuwa na hofu zako za Lutengano, nikasema nisikuongezee."

Nilikaa kwenye nyasi nikalia mbele ya majirani, bila aibu. Halafu nikainuka. Jirani alikuwa amekwisha kulitoa jiko nje, na mwingine alikuwa anawasha gari lake la viazi. Nikampandisha mke wangu mbele, mimi nikakaa nyuma kwenye magunia, nimeamua kwamba wakitaka damu watachukua, wakitaka picha ya kichwa watapiga.

Kwenye mapokezi ya hospitali, nesi mwenye miguu ya kawaida alishika kalamu. "Mgonjwa ni nani hapa?"

"Tuko wawili," nikasema.