Chembe Isiyoonekana na Dume la Zefania

Mkuu wa shule, Mwalimu Melkizedeki, aliketi dawati la nyuma, fomu ya tathmini mapajani, na uso wa mtu aliyekwisha kutoa hukumu tangu saa ya chai. Akimpa Scholastika, mwalimu wa mazoezi aliyesimama ubaoni, chini ya hamsini, binti wa watu angerudia mazoezi ya kufundisha mwaka mzima.

"Wanafizikia," alisema Scholastika, kana kwamba anaomba radhi, "huzungusha protoni ndani ya bomba la duara chini ya ardhi. Umeme unazisukuma, sumaku zinazipindisha zisitoke njiani, mpaka zinakaribia kasi ya mwanga. Kisha wanazigonganisha. Nishati ya mgongano huzaa chembe mpya. Nyingine hufa papo hapo, lakini mabaki yake huacha alama kwenye mitambo iliyozunguka pale."

Mkuu akakohoa. "Binti, hiyo chembe wewe umeiona?"

"Hapana, Mkuu."

"Na hao wenye bomba?"

"Hawaioni yenyewe. Wanasoma alama, wanajua nini kimepita."

"Basi ni umbea wa chini ya ardhi!" Akaandika thelathini na nane, akapigia mstari mara mbili. Darasa likacheka kwa utii.

Mara mzee Zefania akasimama mlangoni, anahema. Dume lake la ng'ombe limepotea tangu alfajiri, na wilaya nzima ya Mkalama hakuna anayemshinda Melkizedeki kufuata nyayo. Mkuu akatoka na fomu yake, darasa zima likimfuata. Nyuma ya choo cha walimu akachutama.

"Msikanyage! Huyu hapa. Kwato ya mbele kushoto ina ufa. Mguu wa nyuma anauburuta. Na kuna mtu wa kandambili anamswaga kwenda bondeni."

"Ndiye huyo!" Zefania akatimua mbio.

Scholastika alihisi masikio yakiwaka. Angeweza kunyamaza, kunyamaza alikuzoea.

"Mkuu," alisema taratibu, "hilo dume umeliona?"

"Nilione la nini? Nyayo si hizi!"

Jesca wa dawati la mbele akaangua kicheko, wenzake wakafuata, na safari hii hakikuwa cha utii. Mkuu alitazama nyayo, akalitazama darasa, akajipangusa magoti kwa muda mrefu kuliko vumbi lilivyostahili. Akakata thelathini na nane, akaandika sitini na mbili.

Scholastika alikaribia kulia kwa furaha, mpaka aliposoma maoni chini yake: "Somo lilieleweka baada ya mkuu wa shule kulifafanua."

Aliipokea fomu kwa mikono miwili. "Ahsante, Mkuu."

Sitini na mbili ni sitini na mbili.