Sala ya Beki wa Kushoto

Mzee Gichuru alikuwa amestaafu unaibu mkuu wa shule ya bweni, lakini unaibu mkuu haukuwa umestaafu kutoka kwake. Bado alitembea mikono ikiwa nyuma, bado alinusa sigara mahali ambapo hapakuwa na sigara, na kwa kuwa sasa alikuwa mwenyekiti wa Kombe la Vijana wa Makanisa, Thika na Ruiru, alikuwa amepata vijana wengine mia mbili wa kunyoosha. Kwa hiyo aliposoma kwenye simu kwamba wakubwa wa mpira duniani wanajadili kadi mpya, ya kumtoa mchezaji mwenye mdomo kwa dakika kumi ili akapoe, alivua miwani, akaifuta, akasema, "Hatimaye."

Wakubwa wa dunia waliendelea kujadili. Gichuru hakujadili. Jumapili iliyofuata kadi ya samawati ilikuwa tayari, imekatwa kutoka kwenye jalada la faili, na kanuni kumi na moja zilikuwa zimepigwa chapa. Kapteni peke yake ndiye angezungumza na refa. Mwingine akifungua mdomo, kadi. Mwenye kadi angekaa dakika kumi kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa hema la akina mama wanaopika, uso ukitazama uwanja, bila kuzungumza na mtu. Akizungumza, nyekundu.

Hema lilichaguliwa kwa sababu ndilo pekee lililokuwa na kivuli, na hapo ndipo kamati ilipojikwaa. Kuanzia Makongeni hadi Gatongora, hakuna mama anayeweza kumwona mtoto wa mwenzake amekaa kwenye kiti chake asimpe chai, awe mkosaji ama askofu. Na hakuna chai inayonyweka kabla ya kuombewa. Mama Wangeci, mkuu wa hema na wa saa ya adhabu, aliamua bila kikao chochote kwamba dakika kumi zinaanza baada ya Amina. Muda wa maombi ni wa Mungu, alisema, na Mungu hajapewa kadi.

Nusu fainali, beki wa Murera alitolewa dakika ya sitini. Mama Wangeci akaombea chai, akaombea serikali, akaombea wagonjwa, mvua na vijana wasio na kazi, kisha akarudi kwa wagonjwa kwa sababu alikuwa amesahau wawili. Amina ilifika dakika ya themanini na moja. Murera wakafungwa matatu, wakaandika barua ya malalamiko yenye mistari kutoka Zaburi. Gichuru akarekebisha Kanuni ya Nane: kuanzia sasa, mkosaji ataombea chai yake mwenyewe. Tangu hapo sala zikawa za sekunde nne.

Basi siku ya fainali, Makongeni dhidi ya Gatongora, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuiogopa kadi hiyo kuliko Maluki, beki wa kushoto wa Makongeni. Alikuwa kidato cha nne, yuko likizo, na mguu wake wa kushoto ulikuwa na adabu. Mdomo ndio haukuwa nayo. Shuleni jina lake liliwahi kuandikwa kwenye orodha ya wapiga kelele siku ambayo alikuwa amelazwa zahanati.

"Maluki," mama yake, Ndila, alimwambia asubuhi, "leo mdomo uache hapa nyumbani."

"Nitaufungia kabatini, Mum."

Hakuwa akitania sana. Kocha Waweru, wa timu moja ya ligi pale Thika, alikuwa anakuja kumtazama. Alihitaji beki wa kushoto mmoja tu kwa majaribio ya Jumanne, na alikuwa ameshapata watatu wa kuchagua. Hii ndiyo ilikuwa mechi pekee ambayo angemwona Maluki.

Kocha Waweru alichelewa. Alifika kipindi cha pili, Makongeni wakiongoza moja bila, na kabla hajafika kwenye mstari akashikwa mkono na Mama Wangeci.

"Mgeni hasimami nje na tumbo tupu, Kocha. Ingia."

"Mama, nimekuja kuangalia mpira."

"Mpira utaenda wapi? Umefungiwa kwa uwanja."

Akaketishwa ndani kabisa, mgongo ukielekea uwanja, sahani ya mukimo wa viazi na mahindi magotini. Maluki aliona hayo yote akiwa mbali, akahesabu: atakula dakika kumi, atageuka, ataona dakika kumi za mwisho. Zinatosha. Mungu ni mwema.

Ilipofika dakika ya sabini, Eddie, namba saba wa Gatongora, alianguka bila kuguswa. Alibingirika mara nne, akashika goti, kisha akakumbuka, akashika lile lingine. Ticha Magdalene, refa, ambaye pia ndiye aliyemfundisha Maluki shule ya Jumapili akiwa mdogo, akapuliza filimbi.

Maluki aliuma midomo. Aliuma kabisa. Lakini ulimi hauna mfupa.

"Ticha, hiyo ni faulo ama ni ushuhuda?"

Uwanja mzima ulicheka, na hilo ndilo lililommaliza. Samawati.

Alienda kitini kichwa chini. Mama Wangeci akamwekea kikombe mkononi, chai ikitoa moshi, na mandazi mawili juu ya tishu. "Omba, kijana wangu. Kwa sauti, na mgeni pia asikie."

Akina mama wakafumba macho. Kocha Waweru akasimamisha kijiko njiani, akafumba. Maluki alijua hesabu yake: sekunde nne, Amina, dakika kumi, arudi uwanjani Kocha akifuta mdomo.

"Baba, tunakushukuru kwa hii chai na mikono iliyoipika. Kwa jina la..."

Akafungua jicho moja. Upande wake wa kushoto ulikuwa wazi kama lango la ng'ombe. Mbaluka, winga aliyepaswa kurudi kuuziba, alikuwa mbele huko ameshika kiuno, na Eddie, mwenye magoti yaliyopona ghafla, alikuwa anajipenyeza nyuma yake.

Kumwita ni nyekundu. Kunyamaza ni bao.

"...na kabla ya hapo, Baba," Maluki akapaza sauti, "mkumbushe mtumishi wako Mbaluka kwamba kuna mtu nyuma yake! Mkono wa kushoto, Baba! Usikawie, Baba!"

"Ndiyo, Baba!" akina mama wakaitikia.

Mbaluka akageuka kama aliyeitwa kutoka mbinguni, akakimbia, akautoa mpira nje.

"Tunakushukuru kwa maombi yaliyojibiwa. Kwa jina la... Baba, usimwache Mwas atoke golini! Abaki, Baba! Abaki!"

Mwas, kipa, akabaki. Mpira ukamgonga kifuani.

"Ndiyo, Baba!"

Kapteni wa Gatongora, Mburu, alimkimbilia Ticha Magdalene. "Ref, si huyo msee wa kitini anakochi!"

"Anaomba."

"Anaomba na macho wazi!"

Ticha Magdalene akasimamisha mchezo, akaenda mezani kwa mwenyekiti. Gichuru akafungua Kanuni ya Tano, akasoma kwa kidole: mwenye adhabu hatazungumza na mchezaji, kocha, shabiki wala mtu yeyote.

"Anaongea na nani?" akauliza.

"Na Mungu."

"Mungu ni mtu?"

Swali lilikuwa lake mwenyewe, na lilimrudia usoni. Gichuru alikuwa mzee wa kanisa. Nyuma yake walikuwa wachungaji wawili wakisubiri kwa hamu kusikia jibu. Akafunga kanuni.

"Mchezo uendelee," akasema.

Eddie hakuvumilia. "Hii ni ukora!" akamfokea Ticha, naye hakuwa kapteni. Samawati. Akaletwa kando ya Maluki, akapewa chai, na kwa kuwa sala ya mwingine haikatizwi, ikabidi ainamishe kichwa angoje. Kila alipochungulia uwanja, Mama Wangeci alimgusa bega kwa mwiko. "Fumba, mtoto wangu."

Sasa timu zote zilikuwa na watu kumi. Ilikuwa dakika ya sabini na tisa. Maluki angesema Amina hapo hapo, angerudi uwanjani dakika ya mwisho, aguse mpira hata mara moja Kocha akiona. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Kisha Gatongora wakapata kona.

Akalimeza.

"Baba, tunawaletea warefu wote wa Gatongora mbele zako. Yule wa kiatu cha kijani, Baba, asiachwe peke yake..."

Aliomba kona tatu na frikiki mbili. Aliombea mguu wa kulia wa Mbaluka, ambao ulihitaji kweli. Sauti ilikauka, jasho likamtoka, na kikombe mkononi hakikupungua hata tone. Filimbi ya mwisho ilipolia, moja bila, na vijana wa Makongeni wakaanguka mmoja juu ya mwingine, Maluki akasema polepole, "Amina."

"Amina," likajibu hema lote.

Mama Wangeci akaangalia saa yake. "Haya. Dakika zako kumi zinaanza sasa."

"Mama, mechi si imeisha!" akataka kusema Maluki, lakini mwiko ulikuwa karibu. Kombe likainuliwa mbele ya macho yake. Chai ilikuwa imeota utando. Akanywa.

Kocha Waweru akaja akasimama mbele yake, punje ya mahindi kwenye kidevu.

"Kijana, nimetoka Thika. Sijaona mguu wako hata mara moja."

Maluki akatazama chini.

"Lakini mechi nimeiona yote, na macho nilikuwa nimefumba." Kocha akajifuta kidevu. "Wale watatu wengine wananiambia mpira umefika baada ya kufika; wewe umesema kabla. Jumanne, saa nane. Lete viatu. Na maombi ufanye kwenu kabla ya kuja, umesikia?"

Maluki alifungua mdomo. Mwiko ukainuka.

"Bado dakika nane," Mama Wangeci akasema.

Akatikisa kichwa kukubali, mara tatu, bila neno. Pale mezani, mwenyekiti alikuwa amekwisha kuomba kalamu, anaandika Kanuni ya Kumi na Mbili.