Kivuli cha Saa Nane na Dakika Tisa

Watu wa mji ule walikuwa wameswali mshazari kwa miaka arobaini na nne, na hakuna aliyeona ajabu tena. Msikiti ulitazama mashariki, safu zikatazama kaskazini-mashariki. Utepe mwekundu uliobandikwa juu ya zulia ulikata ukumbi kama mkanda wa begi kifuani. Safu ya mbele ilibanwa kwenye pembe, haikutosha zaidi ya watu wanne, na imamu alisimama mbele ya kabati la makoti. Mihrabu, tao la mbao anamosimama imamu kuelekea kibla, ilibaki ukutani peke yake. Ndani yake walihifadhi mashine ya kufyonza vumbi.

Mihrabu hiyo aliichonga Mifleh Sharrouf, baba yake Hikmat seremala, mwaka 1958. Wakati huo wanaume waliotoka Bonde la Bekaa, Lebanoni, kuja kaskazini mwa Alberta, Kanada, kufuga wanyama kwa ajili ya manyoya yao walikuwa wamechoka kuswali majumbani. Walichanga, wakamwajiri Petro, fundi wa Kiukraini ambaye maisha yake yote alikuwa amejenga makanisa na mabanda ya ng'ombe tu. Ndiyo maana kuba yao ya bati ilichongoka kama kitunguu, na hadi leo wageni husimamisha gari wakauliza misa ni saa ngapi.

Kazi ya kupima kibla alipewa Mifleh kwa sababu ndiye aliyekuwa na ramani. Aliitandaza mezani, akaweka rula kutoka Alberta hadi Makka, rula ikaelekea kulia, ikishuka kidogo. Wakajenga hivyo. Miaka ishirini na mitatu baadaye akapita mwanafunzi mmoja na tufe la dunia chini ya kwapa. Alivuta uzi kutoka Alberta hadi Makka, na uzi ukapanda juu, karibu na ncha ya dunia. Mzee mmoja akafuata kwa kidole juu ya tufe upande ambao msikiti ulitazama. Kisha akasema, "Kumbe Mifleh alikuwa anatupeleka Brazili!" Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Jina likaganda. Mifleh akawa Brazili, na Hikmat, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, akawa mtoto wa Brazili. Mzee hakujibu hata mara moja. Aliswali mshazari pamoja na wenzake mpaka alipokufa, lakini siku zote alichagua mwisho wa safu, karibu na mihrabu yake.

Sasa Hikmat alikuwa na miaka hamsini na saba, seremala, mwenye mabega mapana na maneno machache yasiyopakwa sukari. Msikiti mpya ulipokubaliwa, alisema atapima kiwanja na kufanya kazi yote ya mbao bila malipo. Sharti lake lilikuwa moja: mihrabu ya baba yake iwekwe kwenye ukuta wa kibla wa msikiti mpya. Mzee amechekwa vya kutosha. Sasa isimame mahali pake, ikitazama panapostahili, na watu wafunge midomo.

Mchoro ulikuwa wa Rima Abdouni, binti wa mji huohuo aliyesomea usanifu Montreal. Haukuwa na kuba wala mnara. Katika kikao cha kwanza Haj Shakib Fayad, mwenyekiti wa msikiti, aliusukuma mchoro mezani kwa kidole kimoja.

"Msikiti bila kuba ni ghala la viazi," alisema.

"Kuba yako inavuja kila Aprili, Haj," Hikmat alimjibu. "Mimi ndiye ninayepanda na ndoo ya lami. Wewe unakaa chini unasema mashallah."

Watu walicheka. Rima alisubiri wamalize.

"Walioanza kuweka kuba walitaka ukumbi mpana usio na nguzo katikati, na njia yao ilikuwa hiyo," alisema. "Sisi tuna mbao ndefu. Zitainuka kutoka pande mbili zikutane juu, kama mikono ya mtu anayeomba dua. Theluji itateleza yenyewe."

"Na mikono hiyo inaomba nini?" Shakib aliuliza.

"Inaomba paa lisivuje, Haj."

Mchoro ukapita kwa tofauti ya kura mbili. Nusu ya waliopinga walisema wazi kwamba wanangoja kosa la kwanza.

Kuhusu mihrabu, Rima alikuja na futi akaipima mwenyewe. Alipitisha kiganja juu ya nakshi, majani na zabibu zilizochongwa kwa kisu cha kuchunia ngozi.

"Ni nzuri, Ami," alimwambia Hikmat, akimwita hivyo kwa heshima ya umri. "Lakini pale ukutani kutakuwa na kioo kirefu chembamba, na mwanga utakaoingia ndio utakaokuwa mihrabu. Nikiiweka hii juu yake ni kofia juu ya kofia."

"Basi tafuteni fundi mwingine."

"Nimewaza kitu. Tukiondoa ubao wa nyuma, inakuwa lango. Watu wataingia ukumbini kwa kupita ndani yake."

Hikmat alimtazama kama mtu aliyetukanwa mbele ya mama yake. "Wapite na miguu yao mahali pa imamu? Baba yangu amechekwa akiwa hai, sasa umfanye kizingiti?"

"Viatu vitakuwa vimevuliwa, Ami."

"Usinitanie, binti. Ukuta wa kibla, au natia nyundo zangu garini."

Rima hakukubali wala hakukataa. Alisema watamaliza shauri hilo kiwanja kikishapimwa. Alijua, na Hikmat alijua kwamba anajua, kuwa hakuna seremala mwingine ndani ya kilomita mia mbili atakayepinda mbao zile bure.

Wiki ya mwisho ya Novemba Hikmat alipima. Nguzo za chuma za msingi zingepekechwa ardhini kwa mashine siku ya Jumatatu, na zikishaingia haziondoki. Mchoro ulisema kibla iko digrii ishirini na sita na nusu mashariki ya kaskazini. Alichukua dira ya shaba ya baba yake, akaifuta vumbi kwa shati, akasoma namba, akavuta kamba. Siku tatu alipigilia vigingi kwenye ardhi iliyoanza kuganda, arobaini na vinane, peke yake. Najla, mkewe, alimletea mikate iliyopakwa zaatari, viungo vya majani makavu na ufuta, na kumwuliza kwa nini hataki msaada.

"Nataka ikiwa sawa, iwe sawa kwa mkono wa Sharrouf," alisema.

Rima alipiga simu Alhamisi. Alisema kwamba mara mbili kwa mwaka, wakati wa baridi, jua husimama juu ya upande wa dunia ulio kinyume kabisa na Makka. Dakika hiyo, kivuli cha fimbo yoyote iliyosimama wima huku kwao huelekea Kaaba. Kesho, Ijumaa, ilikuwa mojawapo ya siku hizo, saa nane na dakika tisa mchana. Angekuja na fimbo.

"Njoo na fimbo mbili ukitaka," Hikmat alimwambia.

Baada ya swala ya Ijumaa watu kama sitini walitoka na makoti yao kwenda kiwanjani. Jua lilikuwa chini, la rangi ya ngozi ya kitunguu, halina joto. Rima alisimamisha chuma cha kimo chake mwanzoni mwa kamba ya katikati, ile iliyopaswa kwenda moja kwa moja kibla. Hikmat mwenyewe alikishikia timazi kisiegemee. Kivuli kililala juu ya theluji, kirefu kama nyumba.

"Leo Mifleh atapumzika," Haj Shakib alisema, na safari hii hakukuwa na kejeli.

Rima alitazama saa. "Sasa," alisema, akapiga rangi ya machungwa juu ya kivuli, hatua kwa hatua, mpaka ncha.

Kisha akasimama. Mstari wa rangi na kamba vilianzia mahali pamoja, halafu vikaachana. Mwisho wa kivuli, kati ya rangi na kamba, mtu angeweza kulala akajinyoosha.

Wakasema wote kwa pamoja.

"Nilijua! Michoro ya kompyuta!"

"Ghala lenyewe limepinda kabla halijajengwa."

"Binti," Haj Shakib alisema, sauti ikiwa nzito, "mwezi uliopita ulibadilisha mchoro au hukubadilisha?"

"Nilibadilisha ngazi," Rima alisema. Alifungua makaratasi yake na upepo ukayapiga. "Nilibadilisha ngazi tu. Nadhani. Ngoja niangalie."

"Unadhani! Jumatatu tungetia chuma ardhini kwa kudhani kwako. Jamani, kura irudiwe. Tujenge kama wanavyojenga wenzetu, kuba yake, mnara wake, na mhandisi wa kweli."

Hikmat alikuwa bado ameshika timazi. Alikuwa ameshajua tangu rangi ilipofika hatua ya nne. Alikuwa amewinda misitu ile tangu ujana, na kila mwindaji wa huko anajua kwamba sindano ya dira haionyeshi kaskazini ya kweli. Inakosea digrii kumi na nne kwenda mashariki, na usipoziondoa utalala porini. Msituni hakuwahi kusahau. Lakini ile dira ya shaba aliishika siku ile kama mtu anayeshika mkono wa baba yake, na namba aliyoiona aliiamini kama ilivyo. Mzee aliamini rula yake. Yeye aliamini sindano.

Alihesabu mambo kwa utulivu, kama anavyohesabu mbao. Akinyamaza, kosa litakuwa la Rima. Mchoro wake utakufa, kuba itarudi, na chini ya kuba watahitaji mihrabu, na wataitaka ya zamani. Shakib angeiweka kesho kwa mikono yake. Hakuna mtu angejua kitu. Rima alikuwa akigeuza karatasi kwa vidole vilivyokufa ganzi, na hakuwa amemtazama Hikmat hata mara moja. Haikuwa imempitia akilini kwamba kosa lingeweza kuwa la Hikmat.

"Haj, acha kelele," Hikmat alisema.

"Nini?"

"Mchoro uko sawa. Nilipima kwa dira, sikuondoa zile digrii kumi na nne." Alitoa dira mfukoni akaionyesha, kana kwamba walihitaji ushahidi. "Kosa ni langu. Vigingi vyote arobaini na vinane."

Sauti ikatoka nyuma, na hakugeuka kuona ya nani.

"Brazili wa pili!"

Wengine walicheka. Wachache, lakini walicheka.

"Ndiyo," Hikmat alisema. "Brazili wa pili. Umemaliza? Sasa shika nyundo."

Alipiga magoti akang'oa kigingi cha kwanza. Kilikuwa kimeganda, akakipiga teke mara tatu. Wa kwanza kumfuata alikuwa Haj Shakib, na koti lake la Ijumaa na viatu vya kung'aa, akinung'unika kwamba miaka sabini na sita si umri wa kung'oa vijiti. Wengine wakaja. Rima alivuta kamba mpya juu ya mstari wa rangi, na Hikmat akapima pembe kwa kamba za futi tatu, nne na tano, kama alivyofundishwa na baba yake. Jua lilizama kabla ya saa kumi na moja, wakamaliza kwa taa za magari.

Wakati wa kuondoka Rima alimkuta akikusanya nyundo.

"Ami, kuhusu mihrabu—"

"Sina sharti tena," alisema. "Nilisema kazi kwa mkono wa Sharrouf. Umeuona mkono wenyewe."

"Mimi bado naitaka. Nilikuambia wapi."

Hikmat aliwasha gari.

Jumatatu mashine ilipekecha nguzo za chuma. Jumanne baada ya adhuhuri Hikmat aliingia msikiti wa zamani, akaitoa mashine ya kufyonza vumbi ndani ya mihrabu, akaitenga mihrabu na ukuta, akaisimamisha katikati ya zulia juu ya utepe mwekundu. Rima aliishikilia isianguke. Ubao wa nyuma ulikuwa umepigiliwa misumari iliyowahi kupinda ikanyooshwa, kila mmoja. Mwaka ule hawakuwa na pesa ya misumari mipya. Hikmat aliing'oa mmoja mmoja akaitia mfukoni, na ubao ukatoka mzima.

Aliupitisha mkono ndani ya tao, halafu akatazama miguu yake isiyo na viatu, akapita mwenyewe. Paji la uso likagonga tao.

"Baba alikuwa mfupi," alisema, akijisugua. "Itabidi tuiinue shibiri moja."