Pembe ya Nne ya Shuka

Mimi si mtu wa kurudia neno. Asubuhi ile, bahari ilipoanza kurusha maji juu ya ukuta na kulowesha mabenchi ya bustani, niliwakusanya wafanyakazi wote wa nyumba yetu ya wazee jikoni nikawaambia: maji yakiingia ndani, hakuna kugusa lifti. Wazee wasioweza kutembea watabebwa kwa shuka, watu wanne, kila mmoja na pembe yake, wapandishwe kwa ngazi. Tunaanza na vyumba vinavyotazama bahari, tunamalizia na vya nyuma. Nikauliza kama kuna ambaye hajaelewa.

"Tumeelewa, Sista," wakajibu wote kwa pamoja.

Katika chumba cha mwisho kabisa, kule nyuma, alikuwa analala mama yangu mzazi. Mimi nilijua, na wao walijua. Mpishi alinitupia jicho la huruma ambalo sikulihitaji.

Tulikuwa tumepanga viroba vya mchanga kwenye milango yote, pampu inanguruma barazani, na kwa muda tukajiona tumeiweza bahari. Kumbe maji hayakuwa na shida na mlango. Yalirudi kwa mabomba yetu wenyewe, yakatokea vyooni na kwenye matundu ya bafu, meusi, yananuka, na vile viroba vyetu vikawa kazi yake ni kuyazuia yasitoke. Nilitukana, Mungu anisamehe, mbele ya watu wazima wenye umri wa kunizaa mara mbili.

Tukaanza kubeba. Mgonjwa aliyelegea ni mzito kuliko unavyodhani, hasa kwenye kona ya ngazi, pale wa chini wanapobeba uzito wote na wa juu wanarudi kinyumenyume. Bibi mmoja, aliyekonda mpaka shingo imebaki mishipa, alicheka njia nzima. "Ningejua leo nabebwa kama bibi harusi, ningevaa ile kanga yangu mpya," akasema. Tulicheka naye huku tunahema. Baada yake tukabeba wengine, chumba hadi chumba, na maji yakatufika kwenye vifundo vya miguu, kisha katikati ya miundi.

Halafu umeme ukakatika. Pampu ikanyamaza. Katika ule ukimya nikasikia mtu anagonga chuma kwa viganja, na sauti inatoka ndani ya lifti.

Nilikimbilia mlangoni pake. "Nani yuko humo?"

"Ni sisi, Sista." Ilikuwa sauti ya msaidizi wa wodi, yule tunayemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki. "Mimi na mama."

"Mama gani?"

Akanyamaza. Chiriku, kunyamaza! Hapo nikajua ni mama gani.

Mlinzi alishuka ngazi mbio. Ni pande la mtu, lakini alisimama mbele yangu kama mtoto aliyevunja sahani. "Sista, tusamehe. Tuliona haifai mama yako awe wa mwisho. Wewe ndiye mkubwa wetu hapa. Tukasema tumuwahishe na lifti mara moja, wewe ukipanda umkute ametulia, roho yako isuuzike."

Walinifanyia heshima, wale watu. Nilitamani kumzaba kibao, na nilitamani kumkumbatia, na sikuwa na muda wa lolote kati ya hayo.

"Na Mwalimu?" nikauliza. Mwalimu ni mzee aliyevunjika nyonga, amelala chumba cha upande wa bahari. Ndiye waliyepaswa kumbeba.

Mlinzi akatazama maji. "Bado, Sista."

Fundi wa nyumba alikuwa amekwisha fika na tochi yake. Akamulika kwenye ufa wa mlango. Lifti ilikuwa imepanda kimo cha goti tu, ikakwama, na maji yalikuwa yanaanza kulamba sakafu yake. "Inapandishwa kwa mkono kule juu ya paa," akasema. "Mmoja aachie breki, mwingine azungushe. Tukiwa wawili itapanda upesi. Nikiwa peke yangu nitaweza, ila ni kidogokidogo. Nipe huyu mlinzi."

Mlinzi alishakanyaga ngazi ya kwanza. Ndipo mpishi akapiga kelele kutoka upande wa bahari.

"Sista! Maji yamefika kwenye godoro la Mwalimu!"

Vitanda vyetu ni vya umeme, na kila siku tunavishusha chini kabisa ili mzee akidondoka asiumie. Sasa hapakuwa na umeme wa kukipandisha chake. Wauguzi waliokuwa juu walikuwa wanampulizia hewa kwa mkono mzee anayeishi kwa mashine, wasingeweza kumwacha. Chini tulibaki mimi, mpishi na mama wa kufua. Shuka ina pembe nne.

"Mwanangu!" Mama alikuwa amenisikia. "Maji yananilowesha miguu. Nitoe humu, kitindamimba wangu. Usiniache."

Nikaweka kiganja kwenye mlango wa lifti. Ulikuwa wa baridi.

"Fundi, panda peke yako," nikasema. "Mlinzi, twende kwa Mwalimu."

"Sista, lakini mama yako..."

"Nimesema twende!"

Mwalimu alikuwa ameinua kidevu, maji yamefika masikioni, macho yameng'ang'ania dari. Hakupiga kelele. Tuliingiza shuka chini yake, tukahesabu, tukamnyanyua, na hapo ndipo aliponguruma kwa maumivu. Nilishika pembe ya upande wa kichwa. Ngazi zetu zimepakana na lifti, kuna ukuta tu katikati, na nyuma ya ukuta ule mama aliniita kila tulipokanyaga ngazi. Aliniita kwa jina langu la utotoni, kisha kwa jina la marehemu baba, kisha akaita tu. Sikumjibu. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo, vidole navyo vitafunguka. Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu.

Tulipomlaza Mwalimu, mlinzi hakungoja kuambiwa, alipotelea juu ya paa. Mimi na mpishi tukatanua milango ya lifti ya ghorofani kwa chuma cha kuchochea jiko. Ilipanda kwa vishindo, kidogo, ikisimama, kidogo, huku inamwaga maji pembeni. Ilipofika, Chiriku alikuwa amelowa mpaka kiunoni, amembeba mama mgongoni.

Nilimpokea, nikamlaza kwenye godoro, nikamfunika blanketi. Alikuwa mzima. Nililia waziwazi, wafanyakazi wote wakinitazama, na sikujali.

Mama alinikazia macho. "Ulinisikia nikikuita?"

Ningeweza kusema kelele zilikuwa nyingi.

"Nilikusikia, mama."

"Yote?"

"Yote."

Akautoa mkono wangu kwenye blanketi, bila hasira, akauweka pembeni. Kisha akamgeukia Chiriku. "Mwanangu," akamwambia, "nifunike wewe."

Nikainuka. Mwalimu alikuwa anatetemeka, na nyonga yake ilikuwa bado haijaangaliwa.