Maji Yanayorudi Baridi

Maji yalitoka katika kiwanda cha kupoza yakiwa na nyuzi tano za joto. Yalipita chini ya barabara ndani ya mabomba manene, yakaingia katika majengo ya mtaa wa Kai Tak, yakachukua joto la vyumbani na kurudi nalo. Yakirudi yalitakiwa yawe yamefika nyuzi kumi na tatu. Yale ya nyumba ya wazee yalikuwa yakirudi na nyuzi saba, kama mgeni aliyekaribishwa mezani akaondoka bila kuonja kitu.

Fundi Au Siu-fung hakuwa na desturi ya kulaumu kabla ya kuangalia. Wenzake walisema wazee wanaacha madirisha wazi. Yeye alichukua ngazi, kipimajoto na daftari, akavuka barabara kwa miguu.

Alianzia chini. Pampu nzima. Machujio safi. Vali zimefunguka mpaka mwisho, na hilo lilimfanya asimame. Vali hufunguka hivyo vyumba vinapolilia ubaridi. Sasa vyumba vinalia, na maji yanapita bila kuguswa?

Jibu alilikuta ghorofa ya tatu, chumba cha tisa. Tundu la hewa darini lilikuwa limezibwa kwa kadibodi ya boksi la biskuti, ikafungwa kwa kamba nyekundu ya plastiki, fundo juu ya fundo; hewa ya chumba haikuweza kuyapa maji joto lake. Kwenye kitanda cha kwanza alilala Mzee Hoi. Kando yake mkewe, Bibi Lai-sheung, alikuwa akikunja mashati ya mumewe na kuyatia katika mfuko wa nguo, moja moja, bila haraka.

"Wewe nani?" bibi aliuliza.

"Naitwa Fung, bibi. Fundi wa ubaridi."

"Fung? Upepo! Jamani, nimeuziba juu, umepita mlangoni!"

Kwa Kikantoni upepo na kilele cha mlima hutamkwa sawasawa. Fung alikuwa amezoea. "Ni Fung ya kilele, bibi, si ya upepo."

"Sikio halisomi maandishi, mwanangu."

Sista Man-yi, muuguzi wa zamu, aliingia akiwa na faili kwapani. Alieleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Dari imeota ukungu. Mgongo wa mzee umejaa vipele vya joto. Kila muuguzi akiishusha ile kadibodi, kesho yake anaikuta imerudi. Daktari ameamua mzee ahamie wodi ya wanaume, ghorofa ya sita, saa tisa hii ya leo.

"Na bibi?" Fung aliuliza.

"Bibi anabaki hapa. Kule ni wanaume tu."

"Miaka hamsini na minne tumelala chumba kimoja," Bibi Lai-sheung alisema, akikunja shati jingine. "Lakini upepo ukiingia magotini hautoki. Na mwenyewe anasema haoni joto. Hoi, unaona joto?"

"Joto gani?" Mzee Hoi alisema. "Nimesimama mbele ya karai la mgahawa miaka arobaini, moto unanilamba nyusi. Hili ni joto la kitoto."

Shati lake lilikuwa limegandana na mgongo. Fung aliliona. Alisoma kipimajoto: nyuzi thelathini na nusu. Akaandika.

"Bibi, ukisimama sokoni mbele ya barafu ya samaki, magoti yanauma?"

"Yaume kwa nini? Pale ni baridi tu. Hakuna upepo."

Kalamu ya Fung ilisimama. "Kwa hiyo huna ugomvi na baridi."

"Baridi haijanikosea. Upepo ndio mwizi."

Fung alitazama saa ya ukutani. Saa nane na nusu. "Sista, nipe mpaka hiyo saa tisa."

"Hiyo hiyo tu, fundi."

Alipanda ngazi, akafungua mafundo badala ya kuyakata, akaishusha kadibodi. Tundu lilikuwa linapuliza pande nne. Alifunga mbili, akainua vibao vya kuelekeza hewa vya zile nyingine ili hewa itambae darini na kushukia ukuta wa mbali. Kasi ya feni akaishusha mpaka mwisho. Kisha yeye na sista wakasukuma vitanda: cha mzee upande wa ule ukuta, cha bibi karibu na kabati. Mwisho alining'iniza ukanda wa karatasi laini juu ya kila mto, uonyeshe upepo.

Bibi alilala, akautazama ukanda wake kwa mashaka. Haukutikisika.

"Mashine yako imekufa."

"Tazama wa mzee."

Ule ulikuwa unacheza, kidogo tu.

Saa tisa mhudumu alifika akisukuma kiti cha magurudumu. "Nani anahama?"

Sista alimtazama bibi. Bibi alishika magoti yake kwa mikono miwili. "Subirini. Hayajasema kitu."

Dakika zilipita. Mzee Hoi akafumba macho, akashusha pumzi ndefu sana, kama mtu aliyetua mzigo. Mkewe aligeuka.

"Hoi. Ulikuwa unaona joto?"

"Kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tano."

"Huu ni mwezi wa nane! Mwongo mkubwa wewe!"

"Ulikuwa unalala vizuri," mzee alisema.

Bibi Lai-sheung aliinuka, akauvuta mfuko, akatoa shati kavu. "Inua mkono. Wa kulia kwanza. Taratibu, mwongo." Alimpangusa mgongo akizunguka vipele kwa uangalifu.

Sista alimwashiria mhudumu, naye akakigeuza kiti na kuondoka nacho kitupu.

Fung alikuwa amebeba ngazi yake, yuko mlangoni, bibi alipomwita.

"Wewe Kilele! Chumba cha kumi yule mama ni mkaidi. Mwambie nimekutuma mimi. Kuziba nilimfundisha mimi."